Stashahada Si Leseni: Kijana wa Free Area na Mlango wa Uhandisi wa Ndege

Mtaa wa Free Area, ulio upande wa mashariki wa jiji la Nakuru kandokando ya barabara kuu iendayo Nairobi, haukosi mafundi. Wapo wachomeleaji wa vyuma, wanyooshaji wa mabati ya magari yaliyogongwa, na makanika wawezao kuitambua hitilafu ya injini ya matatu kwa kuisikiliza tu ikinguruma. Kijana alelewaye katika mazingira hayo, tena aliye jirani na uwanja mdogo wa ndege wa Lanet, hatamshangaza mtu akisema kwamba anataka kuwa mhandisi wa ndege: mtu wa kushughulikia kiunzi na injini za vyombo vya angani. Linaloshangaza ni uchache wa watu walio karibu naye wawezao kumweleza jinsi njia ya kufikia huko ilivyo.

Kutokana na uhaba huo wa maelezo, familia huingia gharama kubwa gizani. Mzazi husikia jina la chuo, huona picha ya ndege katika tangazo, huuza ng'ombe au kipande cha shamba, na baada ya miaka miwili au mitatu kijana hurejea nyumbani na stashahada ya kutundikwa ukutani. Hapo ndipo ibainikapo kwamba stashahada ile, hata ikiwa ni halali na ina alama nzuri, haimruhusu kuidhinisha hata nati moja ya ndege. Stashahada si leseni. Makala haya yanashikilia kwamba kutoijua tofauti hiyo mapema ni suala la lugha sawasawa na lilivyo suala la fedha, na kwamba wasomi wa Kiswahili, ambao aghalabu hujiona wako mbali na karakana, wana wajibu wao ndani yake.

Njia ilivyo

Nchini Kenya, mwenye uwezo wa kutoa leseni ya uhandisi wa matengenezo ya ndege ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA), iliyoundwa mwaka 2002. Mamlaka hiyo haijitungii mambo kivyake. Kenya ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), lililotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, na viwango vya leseni vimewekwa katika kiambatisho cha kwanza cha mkataba huo. Kwa mujibu wa viwango hivyo, mwombaji sharti awe ametimiza umri wa miaka 18, afaulu mitihani ya sheria za anga, sayansi na uhandisi wa ndege, na awe na tajriba ya miaka 4 ya kukagua na kutengeneza ndege. Miaka hiyo 4 hupungua hadi 2 iwapo mwombaji amehitimu mafunzo yaliyoidhinishwa.

Neno 'yaliyoidhinishwa' ndilo linalobeba uzito wote. Chuo chaweza kusajiliwa kama chuo cha ufundi, kikawa na walimu wenye bidii, na bado kisiwe na idhini ya mamlaka ya anga ya kufundisha matengenezo ya ndege. Aidha, kipo kitendawili cha pili. Vyuo vikuu kama vile Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya hufundisha shahada za uhandisi wa vyombo vya angani. Shahada hizo ni elimu ya thamani kubwa, lakini kazi yake ya msingi ni kumwandaa mtu kusanifu na kukokotoa. Mwenye shahada akitaka kutia saini kwamba ndege iliyotengenezwa ni salama kuruka, ni lazima naye aitafute leseni. Kwa upande mwingine, yupo mwenye leseni ambaye hakukanyaga chuo kikuu, na saini yake ndiyo inayoitoa ndege karakanani.

Mkanganyiko huu una mizizi katika majina. Viwango vyenyewe vya ICAO huitaja kazi hii kwa majina matatu yaliyopangwa sambamba, yanayokaribiana na fundi sanifu, mhandisi na makanika, kwa kuwa mataifa hayakuafikiana juu ya jina moja. Wamarekani humwita makanika. Waingereza, na Wakenya walioridhi utaratibu wao, humwita mhandisi. Na bado kuna mhandisi wa aina nyingine, yule anayesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya kwa misingi ya shahada yake. Basi mzazi wa Free Area asikiapo 'mhandisi' hutoa fedha kwa furaha, na asikiapo 'fundi' husita, kwa sababu fundi anamjua: ndiye yule anayelala chini ya lori kando ya barabara. Hajaambiwa na mtu kwamba katika anga, fundi na mhandisi wanaweza kuwa mtu mmoja, na kwamba heshima yake haimo katika jina bali katika leseni.

Hata baada ya chuo kilichoidhinishwa, ile miaka ya tajriba bado inangoja. Tajriba hiyo haipatikani darasani. Hupatikana katika karakana za ndege, ambazo mafundi huziita hanga, na nchini Kenya nyingi zimekusanyika Nairobi: katika Uwanja wa Jomo Kenyatta, na hasa katika Uwanja wa Wilson, ulio na historia tangu mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alipoanzisha kampuni yake ya ndege. Chipukizi huandika kila kazi aliyoshiriki katika daftari lake la kumbukumbu, na mwenye leseni huithibitisha kwa saini. Daftari lisilo na saini ni hadithi tu. Kijana aliyetoka umbali wa takriban kilomita 160, asiye na jamaa wa kumpa malazi jijini, aweza kuwa na kipaji na bidii na bado akakwama hapa, maana nafasi za mazoezi ni chache, na nyingi hazina malipo ya kutosha kodi ya nyumba.

Kazi ya kusoma

Yafaa kuuliza chipukizi hufanya nini siku zake za mwanzo. Hafungui injini. Hufagia, hubeba ngazi, huosha vipuri, hufungua vifuniko vya ukaguzi na kuvifunga. Huhesabu spana kabla ya kazi na kuzihesabu tena baada ya kazi, kwa sababu spana moja iliyosahauliwa ndani ya injini ya jeti yatosha kuyavunja mapanga yake yote. Zaidi ya yote, husoma. Kila kazi ina karatasi yake ya maagizo, na kila agizo lina rejeleo lake katika kitabu cha matengenezo cha aina ile ya ndege. Sura za vitabu hivyo zimepewa namba za pamoja duniani: sura ya 32 ni ya magurudumu na miguu yake, ya 53 ni ya kiwiliwili, ya 57 ni ya mabawa, ya 72 ni ya injini yenyewe. Fundi wa Nairobi, wa Addis Ababa na wa Muscat wakitajiwa 57 watafungua mahali pamoja.

Hapa ndipo malezi ya karakana za barabarani yanapogongana na malezi ya hanga. Fundi wa magari humwambia mwanagenzi wake, "Kaza mpaka ikatae." Ni agizo linaloeleweka, na kwa gari kuukuu mara nyingi linatosha. Katika ndege, neno 'kaza' halina maana mpaka lifuatwe na namba, na namba hiyo husomwa kitabuni na kupimwa kwa spana maalumu inayoonyesha nguvu ya kukaza. Bolti iliyolegea hufunguka. Iliyokazwa kupita kiasi hujeruhiwa ndani, mahali pasipoonekana, na kukatika siku ambayo hakuna aitarajiaye. Ubunifu, ambao ndio fahari ya jua kali, hapa hugeuka kuwa kosa. Mara kwa mara magazeti ya Kenya humsifu kijana aliyejiundia ndege nyuma ya nyumba kwa injini ya pikipiki na mabati. Ari yake inastahili pongezi, lakini sifa hizo humfundisha msomaji mchanga funzo la kinyume: kwamba anga inamngoja mwenye kubuni, ilhali kwanza inamngoja mwenye kutii maandishi aliyoyaelewa.

Gharama ya kutotii inafahamika. Tarehe 12 Agosti 1985, ndege ya Japan Airlines aina ya Boeing 747 ilianguka milimani nchini Japani, watu 520 wakafa. Chanzo hakikuwa dhoruba wala rubani. Miaka 7 kabla ya hapo, mwaka 1978, mkia wa ndege hiyo uligonga barabara ya kutulia, na ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani ukatengenezwa. Maagizo ya matengenezo yalitaka bamba moja la kuunganishia lenye kushikwa kwa safu kadhaa za ribiti, yaani misumari ya kubana isiyofunguka. Mafundi waliweka bamba lililokatwa vipande viwili, hata mahali fulani mzigo wa safu mbili ukaachiwa safu moja. Kwa macho, kazi ilikuwa imekamilika. Ndege iliruka maelfu ya safari, nyufa zikitambaa kidogo kidogo, mpaka ukuta ulipopasuka.

Mkasa wa pili unafundisha jambo jingine. Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya Aloha Airlines aina ya Boeing 737 ilipasuka paa ikiwa angani katika visiwa vya Hawaii, na mhudumu mmoja akafagiliwa na upepo. Ndege hiyo ilikuwa imeruka na kutua mara 89,680, nyingi zikiwa safari fupi katika hewa ya chumvi ya bahari. Kila safari ilijaza kiwiliwili hewa na kukipunguza, kama mtu akunjaye na kukunjua waya mpaka ukatike. Uchunguzi ulionyesha kwamba abiria mmoja aliuona ufa alipokuwa akipanda, asimwambie mtu. Abiria hakuwa na wajibu wa kuujua ufa ule. Wajibu huo ulikuwa wa wale waliolipwa kuutafuta na kuuandika.

Hali hiyo ya chuma kuchoka kwa kukunjwa mara nyingi huitwa uchovu wa metali, na Afrika Mashariki iliipitia karibu sana. Ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, Comet ya Uingereza, ilipoanza safari ya London hadi Johannesburg tarehe 2 Mei 1952, ilitua Entebbe njiani. Mwaka 1954 Comet mbili zilivunjikavunjika angani, na uchunguzi ukabaini kuwa uchovu wa metali ulianzia kwenye pembe za matundu ya kiwiliwili. Ni Comet iliyosanifiwa upya ambayo shirika la East African Airways lilianza kuitumia mwaka 1960. Elimu ambayo chipukizi wa leo hufundishwa kwa saa moja darasani ililipiwa kwa uhai wa watu.

Kiingereza kilichopunguzwa

Kutokana na hayo, wapo watakaosema kwamba basi mjadala umekwisha: vitabu vya ndege vimeandikwa kwa Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, na Kiswahili hakina nafasi hapa. Wapo na wengine, hasa katika vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, watakaodai kwamba vitabu hivyo vyote vitafsiriwe. Pande zote mbili zimekosea.

Dai la tafsiri limekosea kwa sababu ya usalama. Kitabu cha matengenezo hurekebishwa na mtengenezaji mara kwa mara, na fundi hulazimika kutumia toleo la mwisho. Tafsiri iliyochelewa mwezi mmoja ni hatari kuliko kutokuwa na tafsiri kabisa. Lakini waliopinga nao hawajakichunguza Kiingereza wanachokitetea. Kiingereza cha hanga si cha Shakespeare wala cha bunge. Watengenezaji wa ndege wa Ulaya walitambua kwamba wasomaji wengi wa vitabu vyao hawakuzaliwa na lugha hiyo, na mwaka 1986 wakatoa mwongozo wa Kiingereza kilichorahisishwa, ambao umeendelezwa hadi leo. Mwongozo huo huruhusu takriban maneno 900 ya kawaida, pamoja na istilahi za kazi. Kila neno hupewa maana moja. Neno la 'kuanguka', kwa mfano, hutumika kwa kitu kishukacho kwa uzito wake tu. Haliruhusiwi kumaanisha 'kupungua'. Sentensi ni fupi, na kila agizo hubeba tendo moja.

Mwanafunzi wa fasihi atatabasamu, maana amefunzwa kuienzi sitiari na kauli tata. Utata ambao ni utajiri katika shairi ni mauti katika hanga. Hata hivyo funzo la lugha ni lile lile: wenye Kiingereza hawakukiacha kilivyo, walikaa chini, wakachagua, wakakipunguza, wakakikubaliana. Lugha ya ufundi haizaliwi, huundwa. Kiswahili nacho chaweza kuundiwa, si kwa ajili ya kuchukua nafasi ya kitabu cha Boeing, bali kwa kazi mbili ambazo Kiingereza kimeshindwa kuzifanya Free Area: kuieleza njia kwa mzazi na mwanawe, na kumsaidia chipukizi kuielewa dhana kabla hajalikariri neno.

Malighafi ipo. Kabla ya ndege, Waswahili waliunda vyombo vya kuhimili shinikizo la maji na upepo. Fundi wa jahazi wa Matondoni kisiwani Lamu anajua mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Anajua mataruma, zile mbavu zinazolipa umbo. Anajua omo na tezi, usukani na kalafati. Fundi wa kiunzi cha ndege naye hufanya kazi na uti, mbavu na ngozi iliyowambwa juu yake. Kiswahili kilishaanza safari hiyo zamani: 'rubani' alikuwa mwongoza merikebu kabla hajakabidhiwa ndege. Waingereza nao, walipolitafutia jina bamba la mkiani linalogeuza pua ya ndege kushoto na kulia, waliliita kwa jina la usukani wa meli. Mwalimu amwambiaye kijana kwamba mbavu za ndege ni mataruma yaliyotengenezwa kwa aluminiamu amempa picha. Neno la Kiingereza litakapokuja litapata mahali pa kukaa.

Yapasayo kufanywa

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo itabaki ya karatasini ikiwa maelezo yanayoamua hatima ya shamba la familia yanaendelea kutolewa kwa lugha ambayo mwenye shamba haisomi vizuri. Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni ndogo na ya gharama nafuu: mamlaka ya anga, shule za sekondari na vyama vya Kiswahili vishirikiane kutoa kijitabu kimoja cha Kiswahili sanifu kinachoieleza njia ya leseni hatua kwa hatua. Wanafunzi wa Egerton kule Njoro hawahitaji kusafiri mbali kuwapata wasomaji wake.

Hatua ya pili ni faharasa ya istilahi za kiunzi na injini, itakayokusanywa karakanani pamoja na mafundi wenyewe, wa ndege na wa majahazi. Istilahi nyingi za Kiswahili zimekufa kwa kuwa zilizaliwa ofisini na kupelekwa kwa watu ambao tayari walikuwa na neno. Hatua ya tatu ni ya walimu wa lugha zote mbili. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuandika insha ya kusisimua, lakini ni mara chache anapopewa ukurasa wa maagizo na kutakiwa kuyafuata bila kuruka hatua. Somo hilo lingemfaa hata asipoiona ndege maishani, kwa kuwa muuguzi, fundi umeme na mkulima apimaye dawa ya mimea wote huishi kwa maagizo.

Hatua ya nne yawahusu wenye hanga. Nafasi za mazoezi zitangazwe hadharani na zigawanywe kwa vigezo vinavyojulikana, na serikali za kaunti, ambazo hutoa misaada ya karo, ziruhusu sehemu ya misaada hiyo ilipie malazi ya chipukizi wakati wa mazoezi. Hakuna maana ya kumlipia kijana chuo na kumwachia njiani alipobakisha saini.

Kabla hayo hayajatimia, mzazi wa Free Area hahitaji kungoja. Anapoketi mbele ya ofisa wa chuo, na aulize maswali manne kwa lugha anayoimudu. Je, chuo hiki kimeidhinishwa na mamlaka ya anga kwa mafunzo ya matengenezo ya ndege, na hati ya idhini i wapi? Mafunzo haya yanalenga kiunzi, injini, umeme au redio, na yanamfikisha mwanafunzi kwenye mitihani ipi ya leseni? Mazoezi yatafanyikia hanga gani, kwa muda gani, na ni nani atakayetia saini daftari lake? Wahitimu wangapi wa miaka iliyopita wamekwisha kupata leseni? Ofisa anayejibu kwa picha ya ndege badala ya majibu amejibu tayari, na ng'ombe arudishwe zizini.